Fundi Asiyeuza Kengele

Bomba la kiti la baiskeli lilikataa kutoka. Gibson Muinde alilimwagia mafuta ya taa mara mbili, akaligonga kwa nyundo ya mbao, akalibana kwa spana kubwa na kulizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wapi! Inspekta Jedidah Mbithe alikuwa amekalia tairi kuukuu la trekta, daftari mapajani, akimtazama bila kumharakisha. Fundi ukimharakisha anavunja kitu, na kitu chenyewe siku hiyo kilikuwa ushahidi.

Karakana ya Gibson iko Voi, nyuma ya soko, mahali ambapo vumbi jekundu huingia hata ndani ya kikombe cha chai. Mwenzako akiona baiskeli kuukuu ataona kilo za chuma. Gibson ataizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe: atapapasa pale mabomba yanapokutana kama pana ufa, atageuza pedeli asikilize, atanusa kutu. Akiridhika ananunua, anaikwangua, anaipaka rangi, kisha anawauzia watu wa Nairobi wenye pesa za kuchezea. Hii iliyobanwa mbele yake aliipata Maungu wiki mbili zilizopita, kwa muuza vyuma chakavu mmoja aitwaye Ben.

"Ukiona ya kiume, bomba la juu limelala hivi," alimweleza Jedidah, akifuta jasho. "Ya kike ya kawaida, bomba limeshuka ili gauni lipite. Lakini cheki hii. Mabomba mawili, membamba kama fimbo, yanatoka shingoni, yanapita huku na huku ya kiti, yanaenda kushika gurudumu la nyuma. Wafaransa waliitengeneza mume na mke wapande moja. Wanaiita mikste. Mimi miaka kumi na minane kwa hii kazi, nimeona tatu tu."

"Na Taita nzima ilikuwa na moja," alisema Phoebe.

Phoebe alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mabati, mikono ameikunja kifuani. Ni mhudumu wa afya wa kijiji cha Wusi, ana miaka ishirini na sita. Jumatatu alikuwa amekuja kutafuta baiskeli ya kazi. Gibson alimvua viatu, akamsimamisha ukutani na kitabu katikati ya miguu, akapima kutoka sakafuni mpaka kitabuni, sentimita sabini na nne, kisha akamwambia ana kitu kinachomfaa kabisa. Alipomtolea hii, Phoebe aliinama akafuta vumbi kwenye bomba la kushoto, akakaa chini palepale. Palikuwa na herufi P iliyochorwa kwa msumari. Aliichora mwenyewe akiwa na miaka sita, na akachapwa.

Baiskeli ilikuwa ya mama yake, Wakesho, mkunga wa Wusi. Alfajiri moja ya Agosti mwaka 2005, Wakesho alimaliza kumzalisha mama mmoja huko Mghange, akanawa mikono, akapanda baiskeli kurudi nyumbani. Hakufika. Yeye na baiskeli yake wakapotea kama moshi. Na kwa kuwa baiskeli nayo haikuonekana, watu walikata kauli kwamba hakufa bali aliondoka. Miaka mitatu baadaye mchuuzi wa ndizi akaapa ameiona baiskeli ile sokoni Taveta, basi kesi ikafungwa midomoni mwa watu: Wakesho ana mwanamume Taveta. Mama yake mzazi aliyaamini hayo, na alikufa mwaka jana bado amemkasirikia.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja," Phoebe alikuwa amemwambia Jedidah siku ya kwanza. "Kama alituacha. Hayo mengine ni kazi yako, madam."

Na mpaka jana dalili zilikuwa mbaya. Jedidah alikuwa ameshuka Maungu, akambana Ben katikati ya mabati na mainjini ya malori. Ben hakuwa na sababu ya kudanganya. Alitoa simu akamwonyesha picha ya mzigo: vyuma vya Taveta, vilivyokusanywa nyumba kwa nyumba mwezi uliopita. Mikste ilikuwa juu kabisa. Jedidah alirudi Voi akiwa mzito. Alianza kupanga maneno ya kumwambia binti wa watu kwamba mama yake kweli alitoroka.

"Haya, toka baba, toka!" Gibson alifoka, na bomba likachomoka kwa mlio uliowatia wote ganzi ya meno.

Aliliweka juu ya gunia. Jedidah alivaa glavu, akainama.

"Usilifute," alisema.

"Silifuti. Ona mwenyewe." Gibson alielekeza kwa kidole bila kugusa. "Hapa pana mstari wa kutu. Chini ya mstari bomba lilikuwa limezama kwa fremu, juu ya mstari lilikuwa nje. Mstari kama huu haujichori kwa wiki. Kiti kilikaa hapo hapo miaka." Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima kutoka kitovu cha pedeli mpaka mahali kiti kingefika. "Sabini na tisa. Huyu aliyekuwa akiipanda ana mguu wa sentimita tisini."

Jedidah akamgeukia Phoebe. "Mama yako alikuwa na urefu gani?"

"Kwa picha ya harusi ya shangazi anamfika shangazi hapa." Phoebe aligusa sikio lake. "Na mimi nalingana na shangazi."

"Kwa hivyo hakuwa yeye," Gibson alisema.

"Angalau si yeye wa mwisho," Jedidah alimrekebisha. "Na hiyo bati ni ya nini?"

Kwenye ncha ya chini ya bomba palikuwa pamezungushiwa kipande cha bati la mkebe. Gibson alieleza: bomba la kiti la Kifaransa lina kipimo chake na halipatikani Kenya, kwa hivyo fundi fulani alitia la blakimamba, baiskeli yetu nzito ya kawaida, likapwaya, akalijazia kwa bati. Jedidah alikifungua kipande kwa kibano. Upande wa nje rangi ya mkebe wa maziwa ilikuwa bado ipo, na tarehe ya mwisho ya matumizi ilisomeka vizuri: Juni 2011. Katikati palikuwa na matundu matatu, yamepigwa kwa msumari kutoka ndani kwenda nje.

"Fungua usukani," alisema.

Gibson alilegeza nati. Usukani wa mikste ni mwembamba kuliko wa baiskeli zetu, nao ulikuwa umejaziwa vivyo hivyo. Bati hili lilikuwa kuukuu zaidi, jeusi kwa kutu, lakini pembe zake zilikatwa mshazari kama za lile jingine, na katikati palikuwa na matundu matatu.

Phoebe akasogea. Sauti yake ilishuka. "Hili nililiona likitiwa. Nilikuwa nimekaa kwa karia, nyuma ya kiti. Nikamuuliza fundi kwa nini anatoboa, akaniambia bati bila meno haliumi. Tulicheka sana na mama."

"Fundi gani?"

"Fundi Timotheo. Wa pale Wusi. Bado yuko."

Jedidah aliviweka vipande viwili kwenye bahasha mbili, akaandika tarehe na saa, akamwambia Gibson atie sahihi. Mkono mmoja ulikuwa umeifanyia kazi baiskeli hii kabla Wakesho hajapotea, na mkono huohuo uliifanyia kazi tena miaka kadhaa baadaye. Lakini kwenye faili la mwaka 2005, lenye kurasa nne tu, Timotheo aliandikwa kwa mstari mmoja: hajaiona baiskeli tangu wiki ile ya kupotea.

"Jambo moja bado," Jedidah alisema. "Sioni kengele, na usukani hauna alama ya kengele."

Phoebe alitabasamu kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Haikukaa. Usukani mwembamba, kengele ya kawaida inazunguka tu. Fundi aliifunga kwa raba, mvua ikinyesha inatoka. Mama akachoka. Akawa anaitia mfukoni mwa koti, akifika kwa kona ya ukungu anaitoa anailiza kwa mkono. Sisi tukiwa nyumbani tunaisikia, tunaweka chai." Akaongeza kwa aibu, "Siku ya pili baada ya kupotea tulishuka na nyanya kumtafuta. Tulipofika Kona ya Jabali nikamwambia nyanya, nasikia kengele ya mama. Akaniambia ni mbuzi wa watu. Akanivuta mkono. Aliwaambia watu mtoto akikosa mamake husikia vitu."

Jedidah aliandika na hilo. Aliandika kila kitu, ndiyo tabia yake.

Ukungu ulikuwa umekalia milima Jedidah alipofika Wusi saa saba mchana; Phoebe alimwacha Voi, aje baadaye kwa matatu. Konstebo Sylus aliiendesha pikapu taa zikiwa zimewaka, na nyuma, chini ya turubai, mikste ililala imefungwa kamba, bomba na mabati ya Gibson vimewekwa badala ya vile vya bahasha, na kiti kimeinuliwa kwa kipimo cha mstari wa kutu. Kona ya Jabali waliipita polepole. Upande mmoja mwamba, upande mwingine genge lililofunikwa na vichaka, na chini hakuna kinachoonekana ila weupe. Sylus, kijana asiyeogopa mlevi wala jambazi, alifunga kioo.

Kibanda cha Timotheo kilikuwa kando ya barabara. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda akiziba tyubu, na kwa urefu wa miguu yake magoti yalikaribia masikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

Jedidah alijitambulisha, akaketi kwenye benchi, akaangalia mali ya mzee ukutani. Minyororo ilikuwapo. Pedeli, spoku, raba za breki, taa, hata vioo vya pembeni. Aliangalia ukuta mara ya pili. Palikuwa na kitu ambacho hakioni na hakujua ni nini.

"Nakuja juu ya baiskeli ya mkunga Wakesho. Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Uuu, mambo ya zamani hayo. Wiki ile ile. Nilikaza breki."

"Baada ya hapo?"

"Sikuiona."

"Umewahi kufanya kazi nje ya Wusi?"

"Mimi ni wa hapa hapa. Nilizaliwa hapa, nitazikwa hapa."

Mwanamke mmoja akaingia akikokota blakimamba, kengele mpya mkononi. "Fundi, hujambo. Nifungie hii."

"Sifungi kengele, Everlyne. Unajua."

"Yaani!" Everlyne alimgeukia Jedidah, akiomba shahidi. "Mama, umeona kichwa kigumu hiki? Fundi wa baiskeli hana kengele! Tangu arudi kutoka Taveta hagusi. Hata ya mbuzi wangu, kengele imelegea mdomo tu, nilimletea agonge kidogo, akanifukuza nayo kama nimemletea nyoka."

Jedidah aliutazama ukuta tena, na sasa aliona kilichokosekana.

"Alirudi kutoka Taveta lini, dada?"

"Ni kama miaka kumi. Alikuwa kwa binamu yake huko, shamba la ndizi. Si ndiyo, fundi?"

Timotheo alikuwa ameinamia tyubu yake. Gundi ilikuwa inamdondokea gotini na hakuwa na habari. Everlyne alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akakokota baiskeli yake akaenda zake bila kuaga.

"Sylus," Jedidah aliita. "Ishushe."

Konstebo aliiteremsha mikste, akaiegemeza kwenye nguzo ya kibanda. Timotheo hakuinua macho. Jedidah alimpa nafasi. Kuku alipita, akadonoa kitu, akaondoka.

"Una haki ya kunyamaza, mzee. Ukisema, nitaandika, na litasomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nina mabati mawili. Moja la kabla Wakesho hajapotea, moja la baada. Yote yana meno matatu. Kiti hiki kimewekwa mahali kilipokaa miaka yote. Nakuomba ukae juu yake."

"Sitaki."

"Sikulazimishi."

Mzee aliweka tyubu chini. Kisha, ajabu, aliinuka mwenyewe, akaweka mkono ukutani, akapitisha mguu juu ya yale mabomba mawili membamba kwa wepesi wa mtu aliyelifanya jambo hilo mara elfu. Alikaa. Kisigino chake kiligusa pedeli ya chini na mguu ukanyooka sawasawa, bila kuvuta, bila kupinda. Timotheo alishika usukani na kuanza kulia pale pale, bila sauti.

"Sikumuua," alisema. "Naapa kwa Mungu. Sikumgusa."

"Niambie kuanzia mwanzo."

Alikuwa anatoka kumwagilia kabichi, alisema. Ukungu ulikuwa mzito, kama leo. Kwenye Kona ya Jabali aliikuta baiskeli imelala ukingoni mwa genge, tairi la mbele limeteleza kwenye tope. Hakuona mtu. Mara mbili alikuwa amemwomba Wakesho amuuzie baiskeli ile, na mara mbili Wakesho alimcheka.

"Nikaiinua. Nilitaka kuiangalia tu. Ndipo nikasikia kengele."

"Wapi?"

"Chini."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema ni mbuzi."

"Ukamwambia nani?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Fundi. Nani alimuuzia Wakesho ile kengele?"

"Mimi."

"Unaijua sauti yake?"

"Naijua mpaka sasa hivi." Alishuka kwenye baiskeli, akakaa chini vumbini. "Niliondoka na baiskeli nikapitia mashambani, nikaifunika kwa mabua ya mahindi. Nikasema nikinywa chai nitarudi. Jioni nikasikia anatafutwa. Nikafikiri, nikisema yuko wapi wataniuliza baiskeli iko wapi. Watasema nimemuua niichukue. Siku ya pili nikarudi pale kona."

"Na?"

"Ilikuwa bado inalia. Pole pole. Mara moja, halafu inakaa, halafu mara moja."

Kalamu ya Jedidah ilisimama. Alifungua ukurasa wa asubuhi, akasoma alichoandika Voi, akafunga.

"Ilikoma lini, mzee?"

"Siku ya tatu mvua ilinyesha. Sikwenda tena. Sijui ilikoma lini." Timotheo alijifuta pua kwa kiganja chenye gundi. "Ndiyo nikakimbilia Taveta. Niliipanda miaka yote ile. Niliporudi niliiacha kwa binamu. Huku nikiisikia kengele yoyote, madam, hata ya mbuzi, nashindwa kusimama."

"Mtu alikuona nayo sokoni Taveta. Unajua watu walisema nini juu ya Wakesho?"

"Nilisikia."

"Ukawaacha waseme."

Jedidah alimsomea maelezo yake neno kwa neno, akamwekea kidole kwenye wino, na Sylus akamtia pingu.

Walishuka gengeni saa tisa, watu wanne wenye kamba na mapanga, Timotheo akielekeza kutoka juu kwa mkono uliofungwa. Hawakutafuta sana. Mita kumi na tano hivi chini palikuwa na mwanya kati ya mawe mawili, umefunikwa na mimea, mahali ambapo mtu aliyevunjika mguu hawezi kupanda wala kuonekana. Wakesho alikuwa hapo. Mifupa ilikuwa imetulia, mgongo umeegemea jiwe. Soli za viatu vya raba zilikuwa bado nzima. Na katika mifupa ya mkono wa kulia, imeshikana na udongo na kutu, palikuwa na kengele ya baiskeli. Jedidah aliipiga picha ilivyo, akaipima, akaichora kwenye daftari, kisha akaitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Alipopanda na kamba aliomba Mungu Phoebe awe bado njiani kutoka Voi.

Hakuwa njiani. Wusi si mahali pa kuficha habari. Everlyne alikuwa ameshapiga simu. Phoebe alikuwa amesimama ukingoni, na wanawake wa kijiji nyuma yake kama ishirini, wale wale waliosema miaka yote, sasa wako kimya.

"Yuko?" aliuliza.

"Yuko. Pole sana, mwanangu."

"Alituacha?"

"Hakuwaacha." Jedidah alilisema kwa sauti, ili na wale wa nyuma wasikie vizuri. "Aliteleza hapa. Alikuwa anarudi kwenu."

Phoebe alifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakamtikisika. Mwanamke mmoja akaanza kulia, wengine wakampokea. Kilikuwa kilio cha watu wenye deni, na Phoebe hakuwageukia. Alipoondoa mikono usoni alikuwa karibu anatabasamu, kama mtu aliyetua mzigo wa miaka ishirini. Kisha macho yake yakashuka kwenye mfuko wa plastiki.

Aliitazama kengele kwa muda mrefu. Lile tabasamu likaisha kidogo kidogo.

"Madam," alisema. "Siku ile na nyanya. Tulipopita hapa."

Jedidah aliufunika mfuko kwa kiganja.

"Ilikuwa mbuzi, sivyo? Niambie ilikuwa mbuzi."

Maelezo ya Timotheo yalikuwa ndani ya mkoba wa Jedidah, na siku moja karani wa mahakama angeyasoma kwa sauti kavu, Phoebe akiwa ameketi benchi la mbele. Jedidah aliutia mkoba begani. Alimshika Phoebe mikono yote miwili, ikiwa baridi kama maji ya mlimani.

"Ulisikia vizuri, mwanangu," alisema.